Banzai!: jarida la manga la Kijerumani, nimelisoma miaka ishirini baada ya kufungwa

Kama unajifunza Kijerumani na umechoka na vile vitabu vya darasani ambamo watu hawaishi kuulizana njia ya kwenda stesheni, litafute Banzai!. Halichapwi tena, kwa hiyo itabidi uhangaike kidogo, lakini mimi sijapata kitu kingine cha Kijerumani nilichokisoma mpaka usiku wa manane bila mwalimu kunisukuma.

Lilikuwa jarida la kila mwezi la manga (hadithi za picha za Kijapani) za wavulana, likitolewa na kampuni ya uchapishaji ya Carlsen ya Hamburg kuanzia mwaka 2001 hadi Desemba 2005. Hadithi zilitoka Weekly Shōnen Jump, jarida la kampuni ya Shueisha ya Japani ambalo lipo tangu 1968, na ambalo katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa likitoa nakala zaidi ya milioni sita kwa wiki. Sisi tumezoea kudhani kila kitu cha Japani hupitia Marekani kwanza ndipo kiwafikie wengine. Hapa Wajerumani ndio waliotangulia: Shonen Jump ya Kimarekani ilianza mwishoni mwa 2002.

Nakala zangu nilizinunua Flohschanze, lile soko la mitumba la Jumamosi hapa Hamburg karibu na stesheni ya Feldstraße. Zilikuwa ndani ya boksi la ndizi, chini ya meza ya mzee aliyekuwa akiuza sahani za santuri. Yuro mbili kila moja, na ukichukua nyingi anakupunguzia. Karatasi zimeanza umanjano pembeni na aliyekuwa nazo zamani amewachorea masharubu watu wote wa kwenye matangazo, ila kurasa zote zipo.

Jarida husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama Japani. Mjerumani mmoja ninayefanya naye kazi alilishika, akafungua upande aliouzoea, akajikuta mwisho wa hadithi. Mtu aliyepita chuoni na msahafu mkononi hana shida hiyo. Kazi kidogo ni ndani ya ukurasa, maana vijisanduku vya picha navyo vinaanzia kulia, na maneno ya Kijerumani ndani ya viputo yanakwenda kutoka kushoto kwenda kulia kama kawaida. Jicho linazoea upesi.

Naruto, yule kijana ninja, yumo, na hapa nikumbushe tu kwamba kituo cha RTL II kilianza kumwonyesha Naruto kwenye televisheni mwaka 2006, wakati jarida limeshafungwa. Wasomaji wa Banzai! walikuwa wanamjua mapema. Hunter × Hunter ya mchoraji Togashi ni tamu lakini ina maneno mengi. Mtu anaeleza kanuni ya mtihani mpaka kiputo kinajaa. Kwa Kijerumani changu cha B1, yaani kiwango cha kati, niliiweka kando nikairudia baadaye. Shaman King ni rahisi zaidi, na hadithi hiyo ina mganga Mjerumani, Faust wa Nane, anayetembea na mifupa ya mkewe. Sijui vijana wa hapa walijisikiaje kuwakilishwa na bwana huyo.

Iliyonikamata mimi ni Hikaru no Go. Imeandikwa na Yumi Hotta, ikachorwa na Takeshi Obata. Mvulana aitwaye Hikaru anakuta ubao wa zamani wa mchezo wa go kwenye stoo ya babu yake, na ndani ya ubao kuna roho ya Sai, mwalimu wa go wa enzi za kale, ambaye hana hamu ya kitu kingine chochote ila kucheza. Hakuna ngumi, hakuna moto unaotoka mikononi. Watu wawili wameketi, ubao wa mistari 19 kwa 19, kete nyeusi na nyeupe. Na bado nilikuwa nafunua ukurasa kwa wasiwasi, kwa sababu Obata anachora mkono unaoshusha kete kama vile wazee wa barazani wanavyomsimamia anayetakata bao: kila mtu kimya, kila mtu anajua mwenzao ameshakwisha isipokuwa mwenyewe. Sheria za go sizijui vizuri mpaka leo na haikunizuia.

Kinachokera ni mwendo. Japani sura moja hutoka kila wiki. Hapa ulikuwa unasubiri mwezi. Naruto ilipomalizika Japani mwaka 2014 ilikuwa na sura 700. Ukipewa moja kwa mwezi, ungeanza ukiwa mtoto ukamaliza ukiwa mstaafu. Mimi ninayenunua mitumba nina balaa jingine: nakala haziendi mfululizo. Nilimwacha Hikaru katikati ya mechi dhidi ya mpinzani wake Akira Toya na toleo linalofuata halikuwemo bokisini. Nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyetangaza mwaka mzima kamili, na alichoniletea kilikuwa na mapengo. Hela alirudisha nusu.

Kwa lugha, faida yake ni kubwa kuliko kamusi. Sentensi ni fupi, picha inakuonyesha nani kakasirika na nani anatania, na unajifunza jinsi vijana wanavyokatizana na kusutana, mambo ambayo kozi haikufundishi. Angalizo: usiende kuzungumza na bosi wako kama Naruto. Zipo pia kurasa za habari kuhusu Japani na kazi za wachoraji Wajerumani. Hizo habari nilizipitia harakaharaka, maana zimezeeka.

Carlsen walikuwa na jarida dada la Banzai! pia, Daisuki, la wasichana, lililoanza 2003 na kudumu hadi 2012. Masokoni linapatikana kwa urahisi zaidi.

Ukitaka hadithi nzima, nunua vitabu vyake. Hikaru no Go ina 23 na maktaba nyingi za miji ya Ujerumani zina rafu ya manga. Ukitaka jarida lenyewe, nunua ana kwa ana, angalia mwezi na mwaka kwenye jalada, na funua kurasa zote kabla ya kulipa. Na anayekuuzia toleo la 2006 mwambie ajaribu kwa mwingine.