Rifraktomita ya asali: miezi saba nayo hapa Tabora

Kipimo hiki cha maji kwenye asali nilikiagiza kutoka duka moja la Dar kwa Sh75,000, kikaja na basi kimefungwa kwenye kiboksi cha sponji. Ni kipimo cha kuchungulia, ukubwa wa tochi ya betri mbili, ila chenyewe hakina betri. Unadondosha matone mawili ya asali kwenye kioo, unafunga kifuniko, unaelekeza kwenye mwanga, unachungulia. Buluu inapokutana na nyeupe, hapo ndipo unasoma asilimia ya maji.

Nanunua asali kwa warina asali wa upande wa Sikonge. Ndoo ya lita 20 inabeba karibu kilo 28, kwa hiyo ndoo moja ikichacha si hasara ya kuchekea. Asali yenye maji mengi ndiyo huchacha; kiwango ni maji yasizidi asilimia 20.

Wiki ya kwanza nilikipenda kupita kiasi. Ndoo moja nikaipima mara tano: 17.5, mara zote tano. Nikaachana na kipimo cha mama, kile cha kupindua chupa na kutazama kipovu cha hewa kinavyopanda kwa uvivu. Nikafunga ndoo sita, nikasafirisha.

Baada ya wiki kadhaa mteja akapiga. "Dada, ndoo zako zinapumua huku. Mbili zimevimba vifuniko." Nikabisha, tena kwa sauti. Namba si ninazo kwenye daftari?

Aliyenizindua ni mtoto wa dada yangu, anayesomea mambo ya nyuki. Hakutazama hata daftari. "Mama mdogo, hiki ulikilinganisha na nini kabla ya kuanza?" Sikuwa na jibu. Akatia tone la mafuta ya zeituni, yale halisi ya kukamuliwa bila moto, ambayo kwenye mistari ya maji yanatakiwa kusoma karibu 27. Yakasoma 24. Akafuta, akatia tena: 24. Pointi tatu nzima chini! Ile 17.5 yangu ilikuwa 20.5.

Kumbe kurudia jibu lilelile mara tano ni uthabiti tu. Usahihi ni habari nyingine, na huupati kwa kuchungulia mara ya sita; lazima uwe na kitu unachokijua thamani yake, ukipime hicho kwanza. Tukazungusha skrubu ndogo iliyo chini ya kifuniko cha mpira mpaka mstari ukakaa pake. Tangu hapo sijarudishiwa ndoo.

Wengi watakwambia urekebishe kwa maji safi. Hayo ni ya vipimo vya juisi. Hiki mistari yake inaanzia kwenye sukari nyingi, ukiweka maji utaona rangi moja tu, hakuna mstari.

Jambo la pili ni joto. Kimeandikwa kinajirekebisha chenyewe kati ya nyuzi 10 na 30. Sasa Oktoba, chini ya bati, saa nane mchana, nani Tabora anabaki chini ya nyuzi 30? Mimi napima asubuhi na mapema, naacha tone litulie kama nusu dakika. Na koroga ndoo kwanza, maana asali hunyonya unyevu wa hewa, juu inaweza kuwa na maji mengi kuliko chini. Iliyoganda usiipime mpaka uiyeyushe taratibu, mstari wake unakuwa ukungu.

Kioo ukifute kwa kitambaa laini chenye unyevu. Mimi nilishatumia kanga kavu, kuna mkwaruzo mpaka leo.

Ningekinunua tena? Ndiyo, lakini fedha ya mafuta ya zeituni iwe mkononi siku hiyohiyo. Kwenye boksi kulikuwa na kichupa cha mafuta ya kurekebishia, kilifika kikavu kabisa, na karatasi ya maelekezo imeandikwa Kichina. Muuzaji nilipomwambia akajibu, "Dada, si kinasoma?"

Nyota nne. Ya tano ilimwagikia njiani pamoja na kile kichupa.