Kuremba gari nje kwa mikono yako: kipi ununue kwanza, kipi uache

Kabla hujashuka maduka ya vipuri ya Gerezani na hela mfukoni, simama hatua 10 mbele ya gari lako saa sita mchana, ulitazame vizuri. Hizi IST, Vitz na Raum za miaka ya 2000 zilizojaa Dar hazionekani kuukuu kwa kukosa mapambo. Jua ndilo limezila: taa njano, plastiki nyeusi zimepauka. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na kurudisha kilichopotea, na urembo unafuata nyuma.

1. Msasa na klia ya taa

Hakuna hela ndogo inayobadilisha sura ya gari kama hii. Kwanza imwagie taa maji. Ikionekana safi ikiwa imelowa, ugonjwa uko juu juu na utautibu mwenyewe. Ikibaki na ukungu, ugonjwa uko ndani, msasa wa nje hautakusaidia.

Nunua msasa wa maji namba 600, 800 na 1000, tepu ya karatasi, spiriti na kopo la klia, ile vanishi angavu ya magari. Vyote viko maduka ya rangi za magari. Yale maboksi ya vifaa vya kusafishia taa yaliyofungwa tayari yafungue kabla ya kulipa. Kama ndani hamna klia, rudisha.

Ziba boneti na bampa kwa tepu, kisha sugua kwa 600 na maji mengi. Utatoka uji wa njano. Endelea mpaka uji uwe mweupe, ndipo uhamie 800, halafu 1000. Hapo taa itakuwa mbaya kuliko ulivyoanza, nyeupe tupu kama chupa iliyookotwa ufukweni. Wengi hukata tamaa hapo hapo. Usiendelee hadi 3000 ukitafuta mng'aro: uso ukiwa laini mno klia haishiki, na mikwaruzo ya 1000 klia yenyewe itaijaza.

Klia ndiyo kazi yenyewe. Taa hizi ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, na kiwandani zilipakwa utando wa kuzikinga na jua. Ukisugua, umeondoa hata ule uliobaki. Ndiyo maana ile ya kung'arisha kwa dawa ya meno hupendeza siku unayolipa, kisha njano inarudi mbio kuliko mwanzo: plastiki iko uchi. Chukua klia ya kopo yenye hadna (dawa ya kuigandisha iwe ngumu) ndani yake. Ni ghali kuliko ya kawaida lakini inavumilia jua. Pulizia mahali pa wazi, na uvae barakoa ya mafundi rangi, si ya kitambaa, kwa sababu hadna inaumiza mapafu. Na ile namba ya gari uliyoichonga kwenye taa kwa kuogopa wezi haifutiki. Imechimbwa chini kuliko msasa unavyofika.

2. Dawa ya plastiki nyeusi

Ni kwa bampa, vizimba vya vioo vya pembeni na ukanda wa chini wa milango. Sokoni kuna ya kung'arisha na kuna ya kurudisha rangi. Ya kwanza ni mafuta ya silikoni, mvua moja inaondoka nayo. Unayoitaka ni ile inayokauka kabisa: paka kidogo kwenye plastiki iliyooshwa kwa sabuni, subiri, pitisha kidole. Kidole kikitoka na mafuta, umeuziwa ya kwanza. Dizeli inayopakwa kwenye baadhi ya sehemu za kuoshea magari inang'aa hadi jioni, kisha inakusanya vumbi lote la Mandela Road.

3. Vifuniko vya rimu

Kwa rimu za chuma tu. Saizi isome kwenye tairi: 175/65R14 maana yake rimu ya inchi 14. Winga, yule dalali wa dukani, atakuambia "hii inakaa zote bosi". Haikai. Kigeuze kifuniko utazame ule waya wa duara nyuma. Uwe mzito na wenye kurudi ukiubana. Tundu la pampu lilingane na lako, la sivyo kila ukijaza upepo utakivua. Mimi niliacha cha kwanza kwenye tuta la Tabata bila hata kusikia kinaanguka. Tangu hapo kila kimoja nakifunga kwa tai mbili za plastiki nyeusi kupitia matundu ya rimu.

4. Vizo za madirisha

Ni vile vikinga mvua vya plastiki vinavyobandikwa juu ya madirisha. Zina kazi, si urembo peke yake: mvua ikinyesha unashusha kioo kidogo upate hewa. Nunua za gari lako hasa, na uziegeshe mlangoni kabla ya kubandua tepu. Ikibidi uzilazimishe zikunje, zitabanduka. Futa kwa spiriti, bandika kivulini, bonyeza kila mahali, na gari lisione mashine ya kuoshea kwa siku 2 au 3.

5. Vinili ya paa au boneti

Ni karatasi ya plastiki ya kubandika juu ya rangi. Inapendeza, lakini ni mtihani. Ya bei rahisi husinyaa pembeni juani. Aina nyembamba, laini, inayovutika bila kupigana nawe ndiyo ya kutafuta. Roli huwa na upana wa mita 1.52, hivyo paa la gari dogo linaingia kipande kimoja. Usibandike juu ya rangi inayochubuka: kila ganda litaonekana, na siku ya kuibandua utaondoka nayo rangi yote. Ukifunika gari zima, kumbuka kadi ya gari imeandikwa rangi. Kairekebishe kabla trafiki hajakukumbusha.

6. Krome za vitasa na "pua" (matundu bandia ya hewa) za boneti

Bei nafuu, na huwa ndizo winga anaanza nazo. Nilipovua krome ya kitasa cha dereva baada ya mwaka mmoja, tepu ilikuwa imeachia upande. Chini yake kulikuwa na mchanga mwekundu na mkwaruzo wa duara nusu, umefika hadi praima, ile rangi ya chini kabisa.