Dungeons & Dragons ya 1981: kijitabu kinachosingiziwa

Kijitabu cha sheria za msingi za Dungeons & Dragons kilichohaririwa na Tom Moldvay mwaka 1981 kina kurasa 64 tu. Ni mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika anayeingia mapangoni kutafuta hazina. Waliozoea matoleo mapya hukisema vibaya: mchezo wa kuua, wahusika wanakufa ovyo, sheria hazieleweki. Wengi wao wamesoma kurasa za mapigano wakaziacha zile zinazofundisha jinsi ya kuyakwepa.

Piga hesabu. Mhusika mpiganaji anahitaji alama 2,000 za uzoefu ili afike daraja la pili. Kumuua goblini mmoja, kibwengo wa pangoni, ni alama 5, kwa hiyo kwa upanga peke yake angehitaji goblini 400. Lakini kila sarafu ya dhahabu inayotolewa pangoni ikafikishwa salama ni alama 1. Kasha la sarafu 600 likibebwa goblini wakiwa wamelala, ni alama 600 za kugawana bila damu kumwagika. Hivi kweli huu ni mchezo wa kuua?

Mkikutana na viumbe, mwamuzi, yaani anayeendesha mchezo, hurusha dadu mbili za kawaida kuona wamewapokeaje. Ni 2 pekee inayoleta shambulio la papo hapo, yaani mara 1 kati ya 36. Ikiwa 6 hadi 8 wanasitasita, na hapo mwenye ulimi mzuri na mkate mkobani ana thamani kuliko mwenye shoka. Hata vita vikianza, kuna ari, namba inayopima ushupavu wa viumbe. Goblini wana ari ya 7: mwenzao wa kwanza akifa, na tena nusu yao wakishaanguka, dadu mbili zikizidi 7 wanatimua mbio au wanajisalimisha. Mfalme wao akiwa hai na yuko nao, ari inapanda hadi 9, basi wachezaji werevu humtafuta yeye kwanza. Kitabu kinasema kupima ari ni sheria ya hiari, na meza nyingi huharibikia hapa. Mwamuzi anairuka, kila goblini anapigana hadi pumzi ya mwisho, mchawi mwenye alama 3 za uhai anakufa kwa pigo moja, kisha lawama zote zinaangukia kitabu.

Muda nao usiupuuze. Zamu moja pangoni ni dakika 10, mwenge huwaka zamu 6, na kila baada ya zamu 2 mwamuzi hurusha dadu: ikiwa 1, kuna kiumbe anakuja. Chora visanduku sita kwa kila mwenge, ufute kimoja kila zamu. Bila hivyo wachezaji watapekua kila ukuta bila hofu, na mchezo utapoa.

Kasoro zipo. Mwizi wa daraja la kwanza ana asilimia 10 tu ya kutegua mtego, aibu kwa mtu wa kazi hiyo. Mchezaji akieleza vizuri anavyoupapasa mlango kwa fimbo, mkubalie bila dadu; asilimia ziwe za kumwokoa maelezo yanaposhindwa. Ile sheria ya kuwawekea wanawake kikomo cha nguvu, inayotajwa kila mara, ilikuwa ya Advanced D&D ya 1978, toleo jingine la mchezo huu. Humu haimo. Lawama yenye uzito zaidi ni ya The Keep on the Borderlands, hadithi ya kuchezwa ya Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo, iliyokuja ndani ya boksi moja na kijitabu: mapango yake yana wanawake na watoto wa goblini. Ni sawa kabisa kuwatoa kwenye hadithi kabla ya kucheza.

Kwa Nairobi, nunua PDF mtandaoni ukaichapishe River Road au kwenye saiba ya mtaani. Kurasa zake ni za kipimo cha Marekani, pana kidogo kuliko A4, kwa hiyo mwambie fundi azitoshelize kwenye karatasi, la sivyo kingo za majedwali zitakatwa. Pande mbili ni karatasi 32. Tia spirali ili kitabu kilale wazi mezani.

Dadu za pande nyingi zisikuzuie. Mwaka 1979 TSR yenyewe, kampuni iliyouchapisha mchezo, iliishiwa dadu ikatia vipande vya namba vya kukata. Kwa pande 20, chukua vizibo 20 vya soda, viandike 1 hadi 20, vitie kwenye mfuko usioonyesha ndani. Rudisha kila kizibo kabla ya kuchomoa tena, ama uwezekano utabadilika. Kwa pande 4, rusha dadu ya ludo na urudie ukipata 5 au 6. Kwa pande 8, fanya hivyo pamoja na sarafu mpya ya shilingi 10: ikilala simba juu, ongeza 4.

Kama namba ya ulinzi wa mhusika (Armor Class), inayopungua kadiri deraya, yaani vazi la vita, inavyokuwa nzito, inakuchanganya, pakua Basic Fantasy, mchezo wa aina hii hii; ni bure na namba zake hupanda. Ila humo alama za hazina ni sheria ya ziada. Iwashe tangu siku ya kwanza, maana bila hiyo utarudi kuwahesabu goblini mmoja mmoja.