Ndoa au utawa: binti wa Venice angechagua lipi?

Tuchukue binti wa ukoo wa kitajiri, Venice ya karne ya 17, mji ulioko Italia ya leo. Mbele yake kuna njia mbili: mume au monasteri.

Kwa gharama, monasteri inashinda. Huko Venice mahari ilitolewa na baba wa binti, kinyume cha kwetu, na ile ya ndoa ilikuwa kubwa kuliko ile iliyolipwa monasteri. Baba mwenye mabinti watatu huenda akamwoza mmoja tu, wengine wakavishwa shela la watawa.

Uhuru ndio wenye utata. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki uliomalizika mwaka 1563, watawa walifungiwa ndani, wageni wakizungumza nao kupitia nondo. Hata hivyo, humo ndani walimchagua mkuu wao kwa kura, jambo ambalo mke wa mtu hakuliota. Arcangela Tarabotti, mtawa wa Venice aliyeingizwa monasteri bila wito, aliandika kwa hasira dhidi ya akina baba waliowafungia mabinti zao. Ila kalamu yenyewe aliishikia humo humo.

Usalama? Utawa uliepusha hatari za uzazi, nazo zilikuwa nyingi. Ndoa nayo ilikuwa na malipo ya baadaye: mjane aliweza kudai mahari yake arudishiwe.

Kwa hiyo anayependa vitabu na kuogopa uzazi angevumilia nondo. Anayetaka watoto na mali mkononi, aolewe. Binafsi naona swali gumu zaidi ni kama aliulizwa kabisa.