Upekuzi wa hati na majalada ya mirathi Mwanza: wapi utakuta ukoo wako?

Mtu wa Mwanza anayetafuta ukoo wake kupitia ardhi kwa kawaida huanzia kwa Msajili wa Hati na kuomba upekuzi. Huduma hiyo ni nzuri kwa kazi yake. Ukiwa na namba ya hati, au kiwanja na kitalu, unajaza maombi, unalipia kwa kontroo namba, kisha unapewa taarifa inayoonyesha mmiliki wa sasa na kama kuna rehani au zuio. Ila inaishia hapo. Bibi mzaa babu hayumo kwenye karatasi hiyo. Aliko ni kwenye jalada la mirathi mahakamani, na hati ni kamba tu ya kukuvuta hadi huko.

Kwanza jua kama kamba yenyewe ipo. Amri ya Kijerumani ya Novemba 26, 1895 iliihesabu ardhi isiyo na mwenyewe anayetambulika kuwa mali ya dola. Waingereza nao, kwa Sheria ya Ardhi ya 1923, wakaiweka karibu yote chini ya gavana. Mkulima wa Kwimba au Sengerema akabaki na haki ya kimila ambayo haikuingia kwenye daftari la msajili. Kwa hiyo hati za zamani za kanda hii ni za viwanja vya mjini, misheni, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, na walowezi wachache. Kama babu yako alilima mihogo na pamba kijijini, usitumie hela kwenye upekuzi. Nenda moja kwa moja kwenye mirathi na kanisani.

Kama alikuwa na kiwanja mjini, usiridhike na taarifa ya upekuzi peke yake. Omba kuona ukurasa wenyewe wa daftari pamoja na miamala iliyofutwa, maana kilichofutwa ndicho historia. Kila muamala una namba ya waraka uliohifadhiwa, huandikwa F.D. No. Tafuta ule unaohusu umiliki kuhama kwa sababu ya kifo. Chini yake kuna barua ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama, na kwenye barua hiyo kuna namba ya shauri, kwa mfano Mirathi Na. 12 ya 1957. Hiyo ndiyo namba uliyokuwa ukiihitaji. Kumbuka pia kuwa daftari ni mawili: la ardhi iliyosajiliwa, na la nyaraka linaloendeshwa kwa sheria tofauti. Wengi hupekua moja, hawaoni kitu, wanakata tamaa. Na umiliki huru wa zamani (usio na ukomo wa miaka) uligeuzwa mkataba wa serikali wa miaka 99 mwaka 1963, kisha haki ya kumiliki mwaka 1969, hivyo kiwanja kilekile kinaweza kuwa kimepita kwenye hati za aina tatu.

Rejista ya mirathi mahakamani hupangwa kwa mwaka na namba, haifuati jina la ukoo. Kosa linalowapotezea watu siku nzima ni kutafuta kwa mwaka wa kifo. Mirathi hufunguliwa familia inapokwama: kiwanja kinauzwa, benki inadai, ndugu wanagombana. Hiyo inaweza kuwa miaka kumi baada ya mazishi. Pekua miaka mingi mbele.

Jalada lenyewe lina utajiri. Kuna maombi, kiapo, na mara nyingi muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina ya waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu. Kwa mahakama za mwanzo, fomu namba V ni orodha ya mali na madeni, na namba VI ni hesabu ya mgawanyo: nani alipata nini. Soma VI kwa makini kuliko zote. Wake wa pili na watoto waliosahaulika kwenye kikao hujitokeza hapo, au kwenye pingamizi.

Kabla ya 1963 mashauri mengi ya Waafrika yalikuwa kwenye mabaraza ya watemi, yaani machifu. Usitafute kwa jina la wilaya ya leo, kwa sababu Misungwi na Magu hazikuwapo. Tafuta kwa utemi: Nera, Usmao, Bukumbi. Faili za utawala za enzi hizo ziko chini ya Nyaraka za Taifa, na kwa sheria ya 2002 zinafunguliwa baada ya miaka 30.

Majina yatakusumbua. Karani wa Kiingereza aliandika s/o na d/o, mwana wa na binti wa, na jina linalofuata ni la baba, si la ukoo. Mjerumani aliandika Muansa na Ussukuma, akatumia j penye y, kwa hiyo Mayunga tafuta kama Majunga. Mwandiko wao wa mkono ni kikwazo kikubwa zaidi: herufi e inafanana na n, na u ina kialama juu yake kinachoonekana kama doa. Andika alfabeti yao yote kwenye karatasi, iweke pembeni ya waraka, usome herufi moja moja. Bei zikiwa kwa rupia, 15 zilikuwa sawa na mark 20, na eneo likiwa kwa hekta, zidisha kwa 2.47 upate ekari.

Kwa familia za Kikatoliki, vitabu vya ubatizo vinashinda hati kwa mbali. Misheni ya Bukumbi ilianza 1883. Safu za Kilatini zinakupa baba, mama na msimamizi wa ubatizo (patrinus), na pembeni huongezwa ndoa ya baadaye. Mama! Kwenye hati za ardhi za kikoloni mama ni nadra kuonekana.

Wenye asili ya Ukara watazame kesi za mashamba, kwa kuwa kisiwani humo ardhi na hata miti vimekuwa na mwenyewe tangu zamani, na mashahidi hutaja vizazi. Wenye asili ya Bukoba wasome hukumu za Mahakama Kuu Mwanza. Shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililoamuliwa 1990 kuhusu mwanamke wa Kihaya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, linataja undugu wa wahusika. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, inaweka hukumu bure.

Faili za Kijerumani zenyewe ziko Dar es Salaam, na ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Kabla ya kulipa nauli ya basi, pekua kwanza orodha ya Bundesarchiv (nyaraka za taifa za Ujerumani) ya Berlin kwenye intaneti, fungu R 1003, kwa neno Muansa. Andika namba ya faili unayoitaka, ndipo uende.