Uzoefu wangu: kujifungua hospitali ya serikali hapa Dar, kuanzia kliniki mpaka arobaini

Mashosti wengi wananiuliza huduma ikoje kule nilikojifungulia, jina la hospitali siliweki ila ni ya serikali na ipo hapahapa Dar.

Kliniki nawapa maksi zao. Ukianza kabla ya wiki 12 wanakupima kila kitu, wingi wa damu, mkojo, presha, VVU, kaswende, unapewa chandarua na fefo, vile vidonge vya kuongeza damu (choo kinakuwa cheusi tii usishtuke), halafu mimba ikishavuka miezi mitatu kuna zile SP, vidonge vya kuzuia malaria, unameza vitatu kwa mpigo mbele ya nesi, hakuna cha ntameza nyumbani. Ukienda na baba mtoto foleni unairuka, wangu nilimburuza hivyohivyo anajifanya ana kazi.

Bure ipo ila begi lazima. Glavu, pamba, cha kufungia kitovu, mpira wa kulalia, khanga za kutosha, nunua mapema maana usiku wa uchungu duka la nje ya geti wanajua huna ujanja.

Leba nako ni bahati yako na zamu. Niliyemkuta mwanzo ana mdomo jamani, yale ya "wakati unaitafuta ulilia?", lakini zamu ya usiku akaja mama mtu mzima akanikamata kiuno, ananiambia mwanangu usisukume kwanza, pumua, njia ndo kwanza sentimita saba. Mungu ambariki yule mama.

Sasa lawama zangu zipo baada ya kuzaa. Kesho yake naruhusiwa, mtoto kachomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, kapewa matone ya polio, kadi yake safi, mi mwenyewe hakuna aliyenigusa hata presha. Nafika nyumbani mama mkwe ananikanda maji ya moto, mtori kwa sana, kichwa kinagonga hakiachi, naona vimulimuli, miguu imejaa, wote wanasema uchovu huo, utaisha. Wifi ndo akang'ang'ania nipimwe presha duka la dawa pale mtaani, 160 kwa 110, iko juu mno! Bajaji hiyo mpaka hospitali. Kumbe kifafa cha mimba, kile kinachokuja na presha kupanda hivyo, kinaweza kukupata hata kama umeshajifungua, mi nlijua mtoto akitoka na chenyewe kimekwisha. Hapo walinikimbilia kweli, sindano ya magnesiamu (inachoma balaa, mwili wote unawaka moto), dawa za presha, na kila saa mtu anakuja kunipima, sina la kulalamika.

Mahudhurio ya mama baada ya kujifungua yapo kabisa, la mwisho siku ya 42, ila ukifika wanamkimbilia mtoto kwenye mzani na wewe unasindikiza tu, kwa hiyo dai mwenyewe, "nesi na mi nipime". Atanuna, atakupima.

Nyota nne kati ya tano. Nikijaliwa wa pili narudi hapohapo, na mashine ya presha nimeshanunua yangu.