Wix, Squarespace na WordPress: uzoefu wangu na duka la kanga Mombasa

Ukiuliza Mombasa ni jukwaa gani la kufungulia duka la mtandaoni, utajibiwa kwa majina: Wix, Squarespace, WordPress. Yametangazwa mno, hata mtu huchagua tangazo lililompendeza akidhani amechagua jukwaa. Mimi kazi yangu ni kuwatengenezea tovuti wafanyabiashara wadogo wa hapa, na zote tatu nimezitumia. Nikizipima, la kwanza ninalotazama ni hili: mnunuzi akifungua ukurasa, anaona jina la duka au jina la jukwaa?

Wix, iliyoanzishwa Israeli mwaka 2006, ndiyo nyepesi kuliko zote. Unavuta picha, unaiweka unapotaka, basi. Dada yangu anauza kanga Biashara Street, na ukurasa wake wa kwanza aliupanga mwenyewe jioni moja bila kuniuliza lolote. Hilo ni jambo kubwa, na mafundi wanaolidharau wanakosea. Lakini mpango wa bure unakupa anwani iliyobeba jina la Wix, na juu ya ukurasa kuna utepe wa tangazo lao. Mnunuzi wa Nairobi anasoma Wix kabla ya kusoma jina la duka. Ukilipia, utepe unaondoka na unaunganisha domeni yako, yaani anwani ya mtandaoni yenye jina lako. Kinachobaki ni kizito zaidi: tovuti iliyojengwa Wix huwezi kuichukua kama ilivyo ukaiweka kwenye seva nyingine, yaani kompyuta nyingine ya kuhifadhia tovuti. Watu wa mtaa wa Majengo hapa Mombasa watanielewa upesi: nyumba umeijenga kwa pesa zako, lakini kiwanja ni cha mwenyewe na kodi ya ardhi unalipa.

Squarespace ina sura nzuri kuliko wenzake. Mpiga picha wa harusi ningemwelekeza huko leo hii. Haina mpango wa bure, ina siku za majaribio tu, na malipo yake ya ndani yamejengwa juu ya Stripe, PayPal na Square, huduma za kupokea malipo. M-Pesa haimo. Kwa muuza kanga wa Mombasa, mjadala unaishia hapo.

Kwenye WordPress ndiko kwenye maneno mengi. Ilitolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ni programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Tatizo ni kwamba jina hilo limebeba vitu viwili. WordPress.org ndiko unakopakua programu bure na kuiweka kwenye seva unayoikodi mwenyewe. WordPress.com ni huduma ya Automattic, kampuni aliyoianzisha Mullenweg huyohuyo mwaka 2005. Jina lilelile, herufi W ileile. Anayeanza atajuaje? Naona halimtendei haki, na kabla ya kulipa senti yoyote hakikisha unajua uko upande gani.

Duka la dada tulilijenga kwa ile ya .org pamoja na WooCommerce, nyongeza inayoigeuza WordPress kuwa duka, kwenye domeni ya .co.ke. Malipo yanapita kwenye plagini, yaani programu ya nyongeza, iliyounganishwa na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa: mnunuzi anaandika namba, ombi linatokea kwenye simu yake, anaweka PIN, na oda inajiandika kuwa imelipwa. Maneno ya WordPress chini ya ukurasa tuliyaondoa bila kuomba ruhusa ya mtu. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mfumo ulikubali kufuata biashara yenyewe. Kanga huuzwa kwa doti, na wanawake huitafuta kwa maneno yaliyoandikwa juu yake, si kwa namba ya bidhaa. Basi tukaweka sehemu ya jina la kanga, na mtu akikumbuka maneno mawili tu ya ile methali anaipata.

Kazi ipo, nisiwafiche. Plagini zisizosasishwa ndiyo njia wanayopitia wadukuzi, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuziangalia kila mara. Picha nazo zipunguzwe uzito, maana wengi wanaingia kwa simu na bando dogo. Na seva nayo ina mambo yake. Kampuni tuliyoanza nayo ilituzimia tovuti siku za kuelekea Idi, wakati kanga zinauzwa kuliko wakati wowote, na simu zetu hazikupokelewa. Nilikuwa na nakala ya faili na hifadhidata, nikazihamishia kwa kampuni nyingine, anwani ikabaki ileile. Wanunuzi wakaendelea kuagiza. Kwa sababu hiyo peke yake naipa WordPress nafasi ya kwanza kwa duka lolote linalotegemewa kulisha watu.

Nyumba ndogo ya wageni inayotaka picha, bei na namba ya WhatsApp, ibaki Wix ya kulipia, inatosha kabisa. Na popote mtakapojenga, domeni isajiliwe kwa jina na barua pepe ya mwenye duka, si ya fundi, hata kama fundi ni mimi.